Kuchagua Ubao Mama kwa Bajeti Finyu: Anzia Ndani ya Kasha Lako

Ubao mama, au madabodi kama mafundi wengi wanavyouita, hauongezi kasi ya kompyuta wenyewe, lakini ndio unaoamua ni vifaa gani vingine utalazimika kuvinunua. Prosesa ikibadilishwa, tofauti inaonekana siku hiyohiyo. SSD ikichukua nafasi ya diski ya kuzunguka, hata asiyejua kompyuta ataiona. Ubao mama ukibadilishwa peke yake, mara nyingi hakionekani chochote isipokuwa pesa iliyotoka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautafuti ubao ulio bora kuliko mingine. Unatafuta ule utakaokuruhusu kubaki na vingi kati ya vitu ulivyo navyo, na bado ukaipata kasi unayoihitaji.

Hatua ya 1: Andika ulivyo navyo kabla ya kutazama vinavyouzwa

Chukua karatasi na kalamu, kisha andika kila kilichomo ndani ya kompyuta yako kwa jina lake kamili: prosesa, RAM, kadi ya michoro kama ipo, diski, pawa saplai na kasha lenyewe. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, na dirisha litakalofunguka litakuonyesha jina la prosesa, jina la ubao mama na toleo la BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta) pamoja na tarehe yake. Programu ya bure iitwayo CPU-Z inaeleza zaidi, kwani inaonyesha RAM yako ni ya kizazi gani (DDR3, DDR4 au DDR5), ina vipande vingapi na kila kipande kimekaa kwenye nafasi ipi. Anayetumia Linux atapata taarifa hizohizo kwa amri za lscpu na dmidecode. Usiridhike na kuandika "Core i5" au "Ryzen 5" na kuishia hapo, kwa kuwa majina hayo yamebebwa na vizazi vingi: i5 ya mwaka 2012 na i5 ya mwaka 2022 hazitumii soketi moja wala RAM ya aina moja, na zinachoshirikiana ni jina tu.

Baada ya hapo zima kompyuta, chomoa waya wa umeme na ufungue kasha, maana yapo mambo ambayo programu haiwezi kuyaona. Soma kibandiko cha pawa saplai uandike wati zake. Hesabu pini za plagi kubwa inayoingia kwenye ubao: kompyuta ya kawaida ina plagi ya pini 24, na nyingine ya pini 4 au 8 inayoingia karibu na prosesa. Mimi niliwahi kuiruka hatua hii nilipokuwa nikiifufua kompyuta ya ofisi iliyoondolewa kazini. Nilinunua ubao, prosesa na RAM, na jioni nilipoketi kuvifunga nikakuta pawa saplai ina plagi ya pini 6 badala ya 24, matundu ya skrubu ndani ya kasha hayalingani na ubao wa kawaida, na waya za kitufe cha kuwashia zimekusanywa kwenye plagi moja yenye umbo ambalo ubao mpya haukuwa na mahali pa kuipokea. Ununuzi wa vifaa vitatu ukageuka kuwa wa vifaa vitano. Kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa zimekamilika kutoka kiwandani, hasa zile nyembamba, zimeundwa kwa namna hiyo, na mwenye nayo anapaswa kuhesabu pawa saplai na kasha ndani ya bajeti tangu mwanzo, au aache kabisa wazo la kubadilisha ubao.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba ubao ulio nao umefika mwisho kweli

Ingawa mada ni kuchagua ubao mama, kwa mwenye bajeti finyu jambo la kwanza la kuchunguza ni uwezekano wa kutonunua ubao kabisa. Soketi, yaani kile kitanda cha mraba ambamo prosesa inakaa, mara nyingi inapokea prosesa zenye nguvu kuliko ile uliyonunua nayo kompyuta.

Mfano ulio wazi zaidi ni soketi ya AM4 ya AMD, iliyotoka mwaka 2016 na kuzipokea Ryzen kuanzia za mfululizo wa 1000 hadi za mfululizo wa 5000. Mtu aliyenunua ubao wenye chipseti (chipu kuu ya ubao, tutairudia kwenye Hatua ya 4) ya B450 mwaka 2018 pamoja na Ryzen 5 2600 anaweza, baada ya kusasisha BIOS, kuweka Ryzen 5 5600 kwenye ubao uleule, akabaki na RAM ileile, diski ileile na kasha lilelile, na akapata ongezeko la kasi ambalo ubao mpya wenye prosesa ya zamani usingempa kamwe. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA1700 iliyotoka mwaka 2021 imebeba vizazi vitatu, cha 12, cha 13 na cha 14, kwa hiyo mwenye Core i3-12100 hana haja ya ubao mpya ili apate prosesa yenye kori, yaani viini vya kufanyia kazi, sita au zaidi.

Hata hivyo, usidhani kwamba soketi zikilingana basi kazi imekwisha, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoponea chupuchupu au kuumia kabisa. LGA1151 ni jina la soketi iliyotumiwa na vizazi vya 6 na 7 vya Intel, na pia na vizazi vya 8 na 9. Pini ni 1,151 kote, prosesa inaingia bila kulazimishwa, lakini prosesa za kizazi cha 8 na cha 9 zinahitaji chipseti za mfululizo wa 300, na ubao wa B150 au B250 hautaziwasha. LGA1200 nayo ina mtego wake: prosesa za kizazi cha 11 hazikukusudiwa kufanya kazi kwenye chipseti za H410 na B460, ingawa Z490 na H470 za kizazi hichohicho cha mbao zinazikubali baada ya BIOS kusasishwa. Kwa hiyo kinachopaswa kuaminiwa ni orodha ya prosesa zinazokubalika ambayo kila mtengenezaji huiweka kwenye ukurasa wa ubao husika, pamoja na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila prosesa.

Ukiona prosesa unayoitaka imo kwenye orodha, sasisha BIOS wakati prosesa ya zamani ingali ndani, kwa sababu ukishaiondoa na kuweka mpya ambayo ubao hauijui, skrini itabaki nyeusi. Pakua faili la ubao wako hasa, si la ubao wenye jina linalofanana nalo, liweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, ingia ndani ya BIOS na uchague sehemu ya kusasisha. Usifanye kazi hii umeme ukiwa unayumba; ukikatika katikati, ubao unaweza usiwake tena. Soma pia maelezo yanayoambatana na toleo hilo, kwa kuwa kwenye baadhi ya mbao za AM4 nafasi ya kuhifadhi BIOS ni ndogo, na ili zipokee prosesa mpya, baadhi ya prosesa za zamani ziliondolewa kwenye orodha.

Ubao umefika mwisho kweli pale ambapo kapasita zake, vile vimkebe vidogo vya mviringo, zimevimba juu au kuvuja, nafasi za RAM hazisomi tena hata kwa RAM iliyothibitishwa kuwa nzima, au prosesa bora kabisa unayoweza kuiweka bado haitoshelezi kazi zako. Umefika mwisho pia ikiwa unalazimika kutumia Windows 11 na ubao hauwezi kupokea prosesa inayokubalika nayo, kwa kuwa orodha rasmi ya prosesa zake inaanzia kizazi cha 8 cha Intel na Ryzen za mfululizo wa 2000, pamoja na sharti la TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri), huku usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ukiwa ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini kabla ya kutoa hukumu juu ya TPM, ingia kwenye BIOS utazame: mbao nyingi zinazo TPM ya ndani iliyozimwa tu, inayoitwa PTT kwa upande wa Intel na fTPM kwa upande wa AMD.

Hatua ya 3: Amua prosesa na RAM kwanza, ubao ufuate

Ikiwa umethibitisha kwamba ubao mpya hauepukiki, usianze kwa kupenda ubao. Anza na RAM iliyo kwenye karatasi yako, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha njia.

Mwenye GB 16 za DDR4 zilizo nzima ana sababu nzuri ya kuzing'ang'ania, na njia zake ni mbili: AM4, au LGA1700 kwa ubao wa toleo la DDR4. Neno "toleo" hapa lina uzito, kwa sababu chipseti za LGA1700 kama B660 na B760 huuzwa kwenye mbao za DDR4 na mbao za DDR5 ambazo majina yake hutofautiana kwa herufi chache tu, kwa kawaida D4 au DDR4 mwishoni. Soma jina lote, kisha utazame maelezo ya RAM kwenye ukurasa wa ubao. Vipande vya DDR4 na DDR5 vyote vina pini 288 na urefu uleule, na ukivishika mkononi utadhani ni ndugu. Viweke sambamba, kimoja juu ya kingine, na utaona pengo dogo la chini limehama kidogo kuelekea katikati. Pengo hilo limewekwa makusudi ili kipande kisiingie mahali pasipokuwa pake, kwa maana DDR4 hutumia volti 1.2 na DDR5 hutumia 1.1, na namna zinavyopokea umeme huo hazifanani. Kipande kikikataa kuingia, usikisukume. Geuza, tazama pengo, na kama bado halilingani, umenunua kitu kisicho chako.

Mwenye DDR3 hana cha kuokoa. Yeye analazimika kununua RAM kwa vyovyote vile, kwa hiyo ana uhuru wa kuipima AM5, soketi ya AMD iliyotoka mwaka 2022 na inayotumia DDR5 peke yake. Gharama ya kuanzia huwa juu zaidi, lakini AMD imeahidi kuendelea na soketi hiyo hadi mwaka 2027 na kuendelea, na hivyo ubao utakaonunuliwa leo una nafasi ya kupokea prosesa nyingine baadaye. Kwa maoni yangu hoja hiyo ina nguvu kwa anayejua kwamba atarudi kuongeza prosesa baada ya miaka mitatu au minne. Kwa anayenunua mara moja na kusahau, AM4 yenye vifaa vilivyotumika bado ni hesabu nzuri. Vipande vya RAM vya laptopu ni vifupi na havikai kwenye ubao wa kompyuta ya mezani, kwa hiyo usiviweke kwenye hesabu hata kama unavyo.

Kabla ya kuondoka kwenye prosesa, tazama herufi iliyo mwishoni mwa jina lake. Prosesa ya Intel yenye F, kama i5-12400F, haina michoro ya ndani, na Ryzen 5 5600 haina pia, ilhali 5600G inayo. Ubao utakuwa na tundu la HDMI nyuma, litang'aa kama jipya, na halitatoa picha yoyote kwa prosesa isiyo na michoro ya ndani. Mafundi huletewa kompyuta za namna hii zikidaiwa zimekufa, kumbe mwenyewe alichomeka skrini kwenye tundu la ubao wakati prosesa yake inategemea kadi ya michoro.

Hatua ya 4: Shuka kwenye chipseti bila kulipia usichokitumia

Chipseti huamua ubao una njia ngapi za data, matundu mangapi, na unaruhusu nini. Kwa Intel, herufi H yenye namba inayoishia na 10, kama H610, hubeba mbao za chini, B za kati na Z za juu. Kwa AMD, A ni za chini, B za kati na X za juu. Z hutakiwa na mwenye prosesa yenye herufi K mwishoni mwa jina anayetaka kuiongezea kasi kupita kiwango cha kiwandani, na mwenye bajeti finyu kwa kawaida si yeye. Chaguo lake halisi liko kati ya ngazi mbili za chini.

H610 inatosha kwa kompyuta ya kuandikia, mtandao, mahesabu na hata michezo ya kawaida, mradi ujue unachokiacha: mbao zake zina nafasi mbili tu za RAM, hazikuruhusu kuongeza kasi ya RAM kupita ile iliyowekwa rasmi, na matundu yake ni machache. B660 na B760 zinakupa nafasi nne kwenye mbao nyingi, kasi ya RAM unayoweza kuirekebisha, na nafasi zaidi za SSD. Mwenye vipande viwili vya GB 8 ambaye anafikiri siku moja ataongeza viwili vingine anapaswa kuihesabu tofauti hiyo, kwa sababu kwenye H610 ataviuza viwili vya kwanza ili anunue vikubwa zaidi.

Kwa AM4, tofauti kati ya B450 au A520 na B550 iko hasa kwenye PCIe, yaani njia za data zinazotumiwa na kadi ya michoro na SSD. B550 inatoa PCIe 4.0 kwa kadi ya michoro na kwa SSD moja, ikiwa prosesa yenyewe inaweza. Ryzen 5000 nyingi za kawaida zinaweza, ila zile zenye herufi G zinabaki PCIe 3.0. Je, hilo lina maana kwako? Kwa SSD, halina sana. SSD ya NVMe, yaani inayopitia PCIe, ikiwa ya PCIe 3.0 husoma takriban MB 3,500 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA, inayopitia njia ya zamani ya diski, hufikia takriban 550, na kwa matumizi ya kila siku aliyehama kutoka diski ya kuzunguka ataridhika na yoyote kati ya hizo. Kwa kadi ya michoro jibu linategemea kadi. Kadi kubwa hutumia njia 16 na haijali sana, lakini baadhi ya kadi za bei ya chini zimepunguzwa njia: Radeon RX 6500 XT hutumia njia 4 tu za PCIe 4.0, na ikiwekwa kwenye ubao wa PCIe 3.0 upana wa njia hizo hupungua kwa nusu, na kupungua huko kunaonekana kwenye michezo. Ajabu ya mambo ni kwamba anayenunua kadi ya bei ya chini ndiye anayehitaji ubao mpya zaidi.

Hatua ya 5: Tazama sehemu inayoilisha prosesa umeme

Pembeni mwa soketi kuna vipande vidogo vya mraba vya kijivu au vyeusi vilivyopangwa mstari. Hiyo ndiyo VRM, sehemu inayoshusha volti 12 kutoka kwenye pawa saplai hadi volti moja na kitu zinazohitajiwa na prosesa, na ikilemewa hupata joto, kisha ubao huipunguza kasi prosesa ili isiungue. Namba ya wati inayoandikwa kwenye boksi la prosesa haisemi yote: i5-12400 imeandikwa wati 65, lakini inapofanya kazi kwa nguvu zote Intel imeiruhusu kufika 117, Ryzen 5 5600 nayo imeandikwa 65 na inaruhusiwa kupita hapo.

Ubao wa chini kabisa usio na kipande cha chuma cha kupozea juu ya VRM utaibeba prosesa ya kori sita bila shida kubwa, hasa ukiwa na feni inayopuliza hewa ndani ya kasha. Usiuwekee prosesa ya kori 12 au 16 kwa sababu tu orodha imesema inakubalika. Itawaka, lakini kwenye kazi ndefu kama kuhariri video utakuwa umelipia kori ambazo ubao unazinyima umeme. Kati ya mbao mbili za bei moja, chukua yenye vipozeo vya chuma kwenye VRM na uiache yenye taa za rangi, ambazo zikishafunikwa na kasha hazimsaidii mtu.

Hatua ya 6: Pima na uhesabu matundu

Ubao wa ATX una milimita 305 kwa 244, micro-ATX una 244 kwa 244, na mini-ITX una 170 kwa 170. Kasha la ATX hupokea zote tatu. Kasha la micro-ATX halipokei ATX. Kwa bajeti ndogo, micro-ATX karibu kila mara ndiyo yenye thamani, kwa kuwa mini-ITX hugharimu zaidi kwa sababu ya ufinyu wake, na nafasi za ziada za ATX hubaki tupu kwa watu wengi.

Hesabu diski zako za SATA na ulinganishe na matundu ya ubao, kisha usome maandishi madogo kuhusu nafasi za M.2, zile nyembamba ambamo SSD hulala juu ya ubao, kwa sababu kwenye mbao nyingi kuweka SSD kwenye nafasi ya pili ya M.2 huzima tundu moja au mawili ya SATA, na mwenye diski anadhani imekufa. Angalia pia kama nafasi hiyo ya M.2 inapokea NVMe, SATA au zote. Kama unategemea Wi-Fi na ubao hauna, adapta ndogo ya USB hugharimu kidogo kuliko tofauti ya bei kati ya ubao wenye Wi-Fi na usio nayo. Mwisho, tazama waya za mbele za kasha lako: plagi nene ya USB 3 ya kasha inahitaji mahali pake kwenye ubao, na baadhi ya mbao za zamani hazina.

Hatua ya 7: Soma jina la ubao hadi herufi ya mwisho

Watengenezaji hutoa ubao mmoja kwa masahihisho kadhaa, yanayoandikwa kwa chapa ndogo pembeni mwa ubao kama Rev 1.0 au Rev 1.2, na sahihisho jipya huweza kuwa na VRM tofauti, chipu tofauti ya mtandao, au BIOS ambayo haiingiliani na ile ya sahihisho la kwanza. Unapolinganisha maoni ya watumiaji na ubao ulio mbele yako, hakikisha mnazungumzia sahihisho moja. Ikiwa unanunua ubao wa AM4 uliokaa muda mrefu pamoja na Ryzen 5000, muulize muuzaji toleo la BIOS lililomo, au chagua ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Kitufe hicho kitakuokoa na safari ya kuazima prosesa ya zamani.

Hatua ya 8: Ukinunua uliotumika, tumia tochi ya simu

Ubao uliotumika unaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko wote, na unaweza pia kuwa mzigo wa mtu mwingine uliohamia kwako. Kwenye LGA1151, LGA1200, LGA1700 na AM5, pini ziko ndani ya soketi ya ubao, nyembamba kama nywele, na moja ikipinda, nafasi ya RAM au ya PCIe inaweza kufa wakati kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida. Fungua kifuniko cha soketi, washa tochi ya simu na uimulike kutoka ubavuni, usiimulike kutoka juu, huku ukiugeuza ubao taratibu. Pini nzima hung'aa kwa mstari ulionyooka kama shamba lililopandwa kwa kamba. Iliyopinda hukatiza mng'ao huo, nawe utaiona kama doa jeusi au nukta inayong'aa peke yake. Piga picha kwa kamera ya simu na uikuze kama macho hayakuridhika. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, kwa hiyo hapo kagua prosesa.

Baada ya soketi, tazama kapasita, tazama mikwaruzo nyuma ya ubao pale bisibisi inapoteleza, na uulize kama bamba la chuma la matundu ya nyuma lipo, kwa sababu kulipata peke yake ni taabu. Omba uuone ubao ukiwaka hadi kwenye BIOS, na kipande kimoja cha RAM kikihamishwa kwenye kila nafasi, kimoja baada ya kingine. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika kumi amekwisha kukujibu. Ikiwa saa ya ubao imerudi nyuma miaka mingi, hiyo kwa kawaida ni betri ya CR2032 iliyokwisha, na si kasoro ya kukufanya uache ununuzi.

Hatua ya 9: Jitayarishe kabla ya kung'oa wa zamani

Nakili mafaili yako kwenye diski nyingine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga data kwa ufunguo), hifadhi ufunguo wa kuifungulia au uzime ulinzi huo kwanza, maana ubao mpya una TPM nyingine na Windows itauomba ufunguo huo mara ya kwanza inapowaka. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungwa kwenye ubao wa zamani na kwa kawaida haihami. Iliyonunuliwa peke yake huweza kuhamishwa, na kuiunganisha na akaunti yako ya Microsoft kabla ya kubadilisha hurahisisha kazi.

Usiufunge ubao ndani ya kasha kabla ya kuujaribu. Uweke juu ya boksi lake la karatasi, weka prosesa, kipozeo na kipande kimoja cha RAM kwenye nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, unganisha plagi ya pini 24 na ile ya karibu na prosesa, kisha uuwashe. Hapo kuna jambo moja la hatari: plagi ya prosesa iliyogawanyika 4 kwa 4 inafanana kwa macho na plagi ya kadi ya michoro iliyogawanyika 6 kwa 2, lakini mpangilio wa umeme ndani yake ni kinyume. Soma maandishi yaliyo kwenye plagi, na usitumie waya zinazochomoka za pawa saplai nyingine, hata kama zinaingia vizuri. Skrini ikionyesha picha, uhamishie ubao kwenye kasha, ukihakikisha kwamba kila nguzo ndogo ya shaba iliyoko chini yake ina tundu la skrubu juu yake, kwani nguzo iliyozidi hugusa mgongo wa ubao na kuleta shoti.

Vipande viwili vya RAM kwenye ubao wenye nafasi nne hukaa kwenye nafasi ya pili na ya nne ili vifanye kazi kama jozi. Ingia kwenye BIOS na uwashe XMP au EXPO, mipangilio ya kasi kamili ya RAM, ama sivyo RAM itaendelea kukimbia kwa kasi ya chini kuliko uliyoilipia, kisha uendeshe MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku mmoja. Uweke ubao wa zamani ndani ya boksi kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuuza au kumpa mtu, kwa sababu kasoro nyingi za ubao mpya hujitokeza siku hizo za mwanzo, na utauhitaji wa zamani ili ujue kama tatizo liko kwenye ubao au kwenye kimojawapo cha vile ulivyobaki navyo.